Asiyekuwapo na Lake Halipo: Uhakiki wa Lugha ya Safari na Familia ya Dereva wa Lori, kwa Mtazamo wa Kimisagara, Kigali

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika kumzungumzia dereva wa malori ya masafa marefu katika Afrika Mashariki, na namna lugha hiyo inavyoiweka kando familia yake. Data yake ni ya aina tatu: methali za Kiswahili na Kinyarwanda kuhusu msafiri na mzazi, istilahi za sera ya uchukuzi wa kikanda, na majina ya lawama yaliyoshamiri wakati wa Ukimwi na wa korona. Eneo la rejea ni Kimisagara, mjini Kigali, mtaa uliopakana na kituo kikuu cha usafiri cha Nyabugogo. Hoja kuu ni kwamba kinachoiumiza zaidi familia ya dereva ni kutojulikana kwa siku ya kurudi, kuliko umbali wenyewe, na kwamba Kiswahili cha sera kimejenga msamiati mpana wa kuchelewa kwa mzigo bila kujenga msamiati wa kuchelewa kwa mtu. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera za uchukuzi, za familia na za lugha.

1.0 Utangulizi

Kimisagara ni mojawapo ya mirenge ya Wilaya ya Nyarugenge. Nyumba zake zimebanana kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Nyabugogo, mahali ambapo mabasi ya mikoani na ya nchi jirani huanzia na kuishia. Vichochoro vyake vingi hupitika kwa miguu au kwa pikipiki tu. Lori lenye tela haliwezi kupanda humo. Dereva anayeishi katika mtaa wa namna hii huliacha gari lake kwingine, kisha hupanda mlima na mfuko wake begani kama abiria mwingine yeyote. Chombo kinachomtambulisha barabarani hakionekani nyumbani kwake, na nyumba yake haionekani barabarani. Utengano huo wa mandhari ndio unaoanzisha mjadala wa makala haya, kwa kuwa lugha nayo imeutenganisha uchukuzi na kaya kwa namna hiyohiyo.

Rwanda haina bahari. Bidhaa zake nyingi za kigeni hufika kwa njia kuu mbili. Ushoroba wa Kati hutoka Dar es Salaam, hupita Morogoro, Dodoma, Singida na Kahama, na kuingia nchini kwa mpaka wa Rusumo, safari ya takriban kilomita 1,500. Ushoroba wa Kaskazini hutoka Mombasa, hupita Nairobi na Kampala, na kuingia kwa Gatuna au Kagitumba, safari ya takriban kilomita 1,700. Dereva wa Kigali anayevuka Rusumo huhama upande wa barabara: Rwanda huendesha kulia, Tanzania kushoto. Huhama pia lugha. Akiwa nyumbani ni umushoferi wa ikamyo, maneno ambayo Kinyarwanda kimeyatohoa kutoka Kifaransa. Akivuka mto Akagera anakuwa dereva wa lori, maneno ambayo Kiswahili kimeyatohoa kutoka Kiingereza, na msaidizi wake anaitwa utingo au, upande wa Kenya, taniboi. Hakuna hata jina moja kati ya hayo linalodokeza kwamba mtu huyo ni baba, mume au mwana wa mtu.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda kwa sheria ya mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hoja iliyotajwa sana kuunga mkono hatua hiyo ilikuwa utangamano na biashara ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda ilijiunga nayo mwaka 2007. Kama biashara ndiyo sababu, basi dereva wa lori ni miongoni mwa watumiaji wa mwanzo wa sababu hiyo. Ni busara, kwa hiyo, kuuliza lugha hiyo inamsemaje, na inamrudisha vipi nyumbani.

2.0 Methali za bahari na barabara isiyo na msimu

Hazina ya methali za Kiswahili kuhusu safari imechota sana kutoka baharini. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: anayetembea kati ya nyuma na mbele ya chombo hatimaye hurudi chini, tumboni mwake. Methali hiyo inachukulia kwamba marejeo yapo, na kwamba ni suala la wakati tu. Imani hiyo haikutoka hewani. Jahazi lilitegemea pepo, na pepo zilikuwa na kalenda. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi katika miezi ya mwisho na ya mwanzo wa mwaka, kusi iliviondosha. Mke wa baharia aliweza kukaa bila mumewe kwa miezi mingi, lakini alijua ni upepo upi utamrudisha. Kutokuwapo kwa baharia kulikuwa kurefu, ila kulikuwa na msimu.

Dereva wa lori amerithi methali za baharia bila kurithi msimu wake. Safari ya Dar es Salaam kwenda na kurudi inaweza kuisha kwa siku chache au kuchukua wiki kadhaa, kutegemea foleni ya bandarini, ukaguzi, mizani, ubovu wa gari, hati za mzigo, na kama mzigo wa kurudi umepatikana au la. Kwa familia, wiki mbili zinazojulikana ni nyepesi kuliko siku tano zisizojulikana. Mtu anaweza kupanga harusi, ubatizo, matibabu au kikao cha shule kwa kuzizunguka wiki mbili. Siku ambazo hazina mwisho unaojulikana hazipangiki. Hapa ndipo uhakiki wa methali unapofichua jambo ambalo takwimu za umbali haziwezi kulionyesha.

Methali nyingine ni kali zaidi. Asiyekuwapo na lake halipo inatamka kanuni ya kijamii: haki hufuata uwepo. Hutumika mtu anapokosa mgao, kikao au uamuzi kwa sababu hakuwapo. Inaposemwa juu ya mtu aliyezembea, ni onyo la haki. Inaposemwa juu ya mtu ambaye kutokuwapo kwake ndiko kunakoilisha nyumba, inageuka kuwa adhabu isiyo na kosa. Fimbo ya mbali haiui nyoka nayo humtilia shaka mlezi aliye mbali, na Msafiri kafiri humtoa msafiri katika kaida za waliobaki. Zikisomwa kwa pamoja, methali hizi zinamhukumu asiyekuwapo mara tatu: hana fungu, hana nguvu, hana imani. Hazina nafasi ya mtu ambaye hayupo kwa ajili ya waliopo.

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba methali hazijui huruma. Methali huzaliwa katika mazingira, na mazingira ya nyingi kati ya hizi ni kijiji na bandari, ambako kuondoka kulikuwa tukio la pekee. Kwa dereva, kuondoka ni kazi ya kila siku. Msamiati wa kazi yenyewe umekwisha kulikubali jambo hilo: madereva huhesabu tripu, na malipo ya wengi wao huambatana na tripu. Kitenzi nacho kimehama. Msafiri wa kawaida hurudi nyumbani. Dereva, ambaye lori lake linasubiri kupakiwa tena, hupita nyumbani. Tofauti ya kurudi na kupita ni ndogo katika kamusi na kubwa katika kaya.

3.0 Lugha ya sera: mzigo una saa, mtu hana

Sera ya uchukuzi ya kikanda imezalisha istilahi nyingi za Kiswahili katika miongo miwili iliyopita: ushoroba, vikwazo visivyo vya kiforodha, kituo cha pamoja cha huduma mpakani, himaya moja ya forodha, bandari kavu. Istilahi hizi ni mafanikio ya lugha na hazistahili kubezwa. Zimeliwezesha bunge, gazeti na ofisi kuzungumzia jambo gumu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Swali la uhakiki ni lipi kati ya mambo ya barabarani lilipata istilahi, na lipi lilikosa.

Kilichopata istilahi ni mzigo. Himaya moja ya forodha ilipoanza kutekelezwa mwaka 2014, mafanikio yake yalitangazwa kwa siku: muda wa mzigo kutoka Mombasa hadi Kigali ulielezwa kuwa umeshuka kutoka zaidi ya siku 20 hadi chini ya 10. Kituo cha pamoja cha Rusumo, kilichozinduliwa rasmi Aprili 2016 baada ya daraja jipya kujengwa kwa msaada wa Japani, nacho kilisifiwa kwa muda kilioupunguza. Mamlaka za shoroba zote mbili zina mifumo ya kufuatilia muda bandarini, barabarani na mpakani. Mzigo, kwa maneno mengine, una saa yake, na kila saa inayopotea ina mtu wa kuilalamikia.

Hakuna saa kama hiyo kwa dereva. Mara nyingi hudhaniwa kwamba mzigo ukifika upesi, dereva naye atakaa nyumbani zaidi. Dhana hiyo haifuati kimantiki. Anayelipwa kwa tripu, safari zikiwa fupi, anaweza kuongezewa tripu. Muda uliookolewa mpakani unaweza kwenda kwa mwenye gari, kwa mwenye mzigo, kwa mlaji au kwa familia ya dereva. Hakuna kipimo kinachosema umekwenda wapi. Pale ambapo lugha ya sera haina neno la siku za nyumbani, hakuna safu ya jedwali ya kuziweka siku hizo, na pasipo safu hakuna anayeulizwa.

Mfano wa upande wa pili ni kufungwa kwa mpaka wa Gatuna mwishoni mwa Februari 2019. Malori ya mizigo yalielekezwa Kagitumba, na njia hiyo ya Gatuna haikufunguliwa tena kwa kudumu hadi 31 Januari 2022. Mjadala wa hadhara ulihusu diplomasia, bei za bidhaa na hasara za wafanyabiashara. Mambo hayo yalikuwa mazito na yalistahili kujadiliwa. Hata hivyo, mpaka ukifungwa, hufungwa pia ratiba ya mlo, ada na kitanda cha nyumba fulani. Hasara hiyo haikuwa na jina, na isiyo na jina haiingii katika taarifa.

4.0 Mbeba mizigo, mbeba maradhi

Kuna wakati mmoja ambapo sera humwona dereva kama mwili: wakati wa ugonjwa. Tangu miaka ya 1980, barabara kuu za Afrika Mashariki zilipohusishwa na kuenea kwa virusi vya Ukimwi, dereva wa masafa marefu ameingia katika lugha ya afya kama mmoja wa makundi yaliyo katika hatari kubwa. Uainishaji huo ulikuwa na msingi wa kitabibu na uliokoa maisha, kwa kuwa ulipeleka upimaji, kondomu na dawa kwenye vituo vya kulala malori. Tatizo ni safari ya maneno yenyewe. Kundi lililo katika hatari, likivuka kutoka ripoti hadi mtaani, huwa kundi la hatari. Kishazi kimoja kikidondoka, aliyekuwa anahitaji kinga anageuka kuwa kitu cha kukingwa nacho. Nyumbani, aibu hiyo haimgusi dereva peke yake: mke anayesubiri hupimwa kwa jicho la majirani, na kila homa yake hupata maelezo ambayo hakuyaomba.

Mwaka 2020 ulirudia kisa hicho kwa kasi zaidi. Mipaka ilipofungwa kwa abiria, mizigo iliendelea kupita, na dereva akawa karibu mtu pekee wa kawaida anayevuka. Taarifa za kila siku za maambukizi zilimtaja kwa kazi yake na kwa uraia wake. Rwanda iliweka utaratibu wa kubadilishana madereva au kushusha mizigo mpakani. Utaratibu huo ulizua malalamiko ya madereva wa Tanzania huko Rusumo hadi mawaziri wa nchi mbili wakakutana Mei 2020. Mwezi huohuo Uganda iliamua kutowajumlisha madereva wa kigeni katika idadi yake ya wagonjwa. Kila hatua inaweza kutetewa kwa hoja za afya ya umma au za takwimu. Kilugha, hata hivyo, matokeo yake ni ya kushangaza: mtu aliyepimwa katika nchi moja alitolewa katika hesabu yake kwa sababu ni wa nchi nyingine. Asiyekuwapo na lake halipo ilikuwa imepata umbo la jedwali.

Kipindi hicho kiliitwa pia kipindi cha watu wa huduma muhimu. Neno muhimu lilihusu huduma. Dereva alikuwa muhimu akiwa barabarani, na tishio akiwa mlangoni kwake. Uhakiki wa haki hauna budi kusema kwamba sifa na lawama hizo mbili zilitoka katika fikra moja, ile inayomhesabu dereva kwa kile anachokibeba.

5.0 Kuganira: familia, mtaa na lugha

Kinyarwanda kina methali inayoweza kujibu zile za Kiswahili: Utaganiriye na se ntamenya icyo sekuru yasize avuze. Maana yake ni kwamba asiyezungumza na baba yake hatajua neno aliloliacha babu yake. Nguvu ya methali hii imo katika kitenzi. Kuganira ni kukaa na kuzungumza pasipo haraka, mazungumzo ya kupokezana. Kubwira ni kumwambia mtu jambo. Methali haikusema asiyeambiwa na baba yake.

Tofauti hiyo inasaidia kuhakiki hoja inayosikika mara kwa mara, kwamba simu imeliondoa tatizo la umbali. Simu imeondoa mengi. Fedha hutumwa kwa dakika, na sauti husikika kutoka Singida hadi Kimisagara. Lakini simu ya barabarani hupigwa mahali pa kujaza mafuta, kwenye foleni ya mizani au usiku wa manane, na yaliyomo huvutwa na dharura: ada, kodi ya nyumba, ugonjwa, fedha imeingia au haijaingia. Simu inafaa sana kwa kubwira, na si rahisi kuitumia kwa kuganira. Baba anaweza kubaki na mamlaka yote ya kuagiza huku akipoteza taratibu uwezo wa kuzungumza. Mtoto naye anaweza kumheshimu baba kwa miaka mingi bila kumfahamu.

Taasisi za mtaa nazo zimejengwa juu ya uwepo. Umuganda hufanyika asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Umugoroba w'umuryango, mkutano wa jioni wa familia katika ngazi ya mtaa, hukusudiwa kujadili malezi, ugomvi wa ndoa na ustawi wa watoto. Ni taasisi zenye thamani kubwa, na nchi nyingine za ukanda huu zingeweza kujifunza kwazo. Lakini kalenda yake ni ya mtu anayelala nyumbani. Familia ambayo ingefaidika zaidi na mazungumzo hayo ndiyo ambayo nusu yake iko Nyakanazi au Malaba siku ya mkutano. Mke huhudhuria peke yake, husikiliza kwa niaba ya wawili, kisha hulazimika kuyafikisha kwa simu yale yaliyohitaji kuzungumzwa uso kwa uso.

Sheria ya Rwanda ya mwaka 2016 kuhusu watu na familia iliuweka uendeshaji wa kaya mikononi mwa wanandoa wote wawili kwa pamoja, badala ya kumtambua mume kuwa mkuu wa kaya. Hiyo ilikuwa hatua kubwa ya usawa. Katika kaya ya dereva, usawa huo wa kisheria unakutana na mgawanyo usio sawa wa siku. Mke anaamua mengi peke yake kwa sababu hana wa kuamua naye, na bado anaweza kulaumiwa kwa kuamua. Kiswahili humsifu kwa neno mvumilivu. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini pia huifunga hoja: anayesifiwa kwa kuvumilia haulizwi ni nini anachokivumilia, wala nani angeweza kukipunguza.

Lipo, hatimaye, suala la lugha yenyewe. Nchini Rwanda neno umuswahili limebeba kwa muda mrefu zaidi ya maana ya lugha. Historia ya wakati wa ukoloni, ambapo wasemaji wa Kiswahili, wengi wao Waislamu na wafanyabiashara, walitengwa katika vitongoji vya pembeni mwa miji, iliacha dhana ya ujanja na ya kutokuwa na mizizi. Hadhi ya kisheria ya mwaka 2017 na ufundishaji wa Kiswahili shuleni vimeanza kuifuta dhana hiyo, lakini sheria haifuti maana ya mtaani kwa siku moja. Dereva wa Kimisagara anasimama katikati. Kiswahili alichonacho amekipata kwa kukitumia: kwa askari wa barabarani, wakala wa forodha, mama lishe, fundi wa matairi. Ni Kiswahili chenye ufasaha wa kazi, kilichochanganyika lafudhi za Kahama na Mombasa. Mtoto wake anajifunza Kiswahili cha kitabu shuleni. Lugha mbili hizo ni moja, na zingeweza kukutana mezani. Hazikutani, kwa sababu mwenye moja hayupo wakati mwenye nyingine anafanya kazi zake za shule. Nchi inatafuta walimu na mazingira ya kukisikia Kiswahili kikisemwa, ilhali nyumba kadhaa zina mzungumzaji ambaye lugha yake imewafikia watoto kama sauti ya kuondoka.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba methali, istilahi za sera na majina ya lawama, ijapokuwa zimetoka katika nyakati na mamlaka tofauti, zinakubaliana katika jambo moja: zinamtambua dereva kwa mzigo na kwa mwendo, na zinaichukulia familia yake kuwa nje ya maelezo. Methali zilirithiwa kutoka dunia ambayo safari ilikuwa na msimu. Sera ilijenga saa ya mzigo peke yake. Lugha ya afya ilimwona mtu, lakini kama njia ya maradhi.

Mapendekezo manne yanafuata kutoka katika hoja hizi. Kwanza, mamlaka za shoroba ambazo tayari zinapima muda wa mizigo ziongeze vipimo viwili: siku ambazo dereva analala nyumbani kati ya tripu na tripu, na tofauti kati ya tarehe ya kurudi iliyotarajiwa na ile iliyotimia. Kipimo cha pili ndicho kitakachoonyesha gharama ya kutotabirika. Pili, mikataba ya ajira ya madereva iandikwe kwa lugha ambayo dereva na mwenzi wake wanaisoma, Kinyarwanda au Kiswahili, na itaje mapumziko ya nyumbani kwa siku zinazohesabika. Tatu, taasisi za mtaa kama umugoroba w'umuryango zifikiriwe upya kwa kaya za wasafiri, kwa kuruhusu vikao vinavyofuata siku ya dereva kuwapo badala ya kalenda peke yake. Nne, waandaaji wa vitabu vya Kiswahili nchini Rwanda na katika ukanda waingize mazungumzo ya kazi ya barabarani na maisha ya familia za wanaoifanya, na watumie istilahi za afya kwa ukamilifu wake, bila kukata kishazi kinachomgeuza mhitaji kuwa hatari.

Pendekezo la mwisho ni dogo kwa gharama, lakini linawezesha mengine. Mtoto wa Kimisagara anayekuta kazi ya baba yake katika kitabu cha Kiswahili atakuwa na swali la kumuuliza siku atakapopita nyumbani. Swali moja lenye kujibiwa kwa kirefu linaweza kuanzisha yale mazungumzo ambayo methali ya Kinyarwanda inayadai, na ambayo hakuna ushoroba uliowahi kuyahesabu.